Dakika Arobaini na Tano za Mama Mvuke

Jina lake halisi lilijulikana na mhasibu wa mishahara peke yake. Kwa wengine wote pale hospitalini alikuwa Mama Mvuke, mkuu wa chumba cha kutakasia vyombo, chumba chenye joto kilichojibana nyuma ya chumba cha upasuaji. Alipokea trei za mikasi, koleo na visu, akazisugua kwa brashi, akazifunga kwa vitambaa viwili vya kijani, akazipanga ndani ya mashine ya mvuke. Kisha alikaza gurudumu la mlango na kungoja dakika arobaini na tano. Hakuwahi kupunguza hata moja. Daktari wa upasuaji aligonga kidirisha mpaka kioo kikalia.

"Mama, mgonjwa yuko mezani!"

"Na vijidudu viko kwenye trei, daktari. Nikupe vyote viwili?"

Aliishi hivyo miaka kumi na sita bila mtu kumuuliza kwa nini iwe arobaini na tano. Na yeye hakujiuliza.

Ndipo likaja agizo kwamba kila mkuu wa kitengo awe na cheti. Metroni alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Mama, mimi sina tatizo na wewe. Tatizo ni faili lako, lina picha na barua ya ajira, basi. Soma hii kozi. Ukifaulu, kiti ni chako. Ukifeli, ataletwa mwenye cheti, na wewe ndiye utakayemfundisha kazi, kisha uwe chini yake."

Kumfundisha mtu kazi ili akutume! Mama Mvuke akajiandikisha siku hiyohiyo.

Kila Jumamosi alikaa darasani na watu wa umri wa binti yake. Somo lililomtoa jasho lilikuwa la kutafuta taarifa na kufanya utafiti. Mwalimu alikuwa kijana mkavu mwenye kalamu nyekundu. Kando ya kila sentensi ya kila mwanafunzi aliandika maneno mawili tu: "Nani kasema?" Kazi aliyowapa ilionekana nyepesi: chagua kanuni moja unayoifuata kazini kila siku, uithibitishe kwa vyanzo vitatu visivyotegemeana.

"Hiyo nimeshamaliza," Mama Mvuke alimwambia mumewe, fundi seremala, alipofika nyumbani.

Jumapili mchana alikaa na binti yake sebuleni. Binti alikuwa akisomea ualimu, na vidole vyake vilikimbia juu ya simu.

"Mama, huyu anasema dakika kumi na tano."

"Huyo mvivu. Endelea."

"Huyu thelathini. Huyu hapa... tatu."

"Tatu nini?"

"Dakika tatu."

"Huyo anachemsha chai!"

Mume alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti pale mlangoni. "Si mjumlishe zote mgawanye?"

"Baba, huu ni utafiti, si mnada," binti akajibu, na wote wakacheka isipokuwa mwenye kazi. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Kumi na tano, thelathini, tatu, na kila ukurasa ulisema kwa sauti ya uhakika kana kwamba mwandishi wake alizaliwa ndani ya mashine ya mvuke.

Kisha wakaupata ukurasa wa chama cha wahudumu wa afya: dakika arobaini na tano. Binti akachimba zaidi, akakuta kitabu cha mwongozo cha chuo cha wauguzi: arobaini na tano. Na karatasi iliyobandikwa ukutani kazini ilisema hivyohivyo. Mama Mvuke alishusha pumzi. Mashahidi watatu, ushahidi mmoja. Aliandika kurasa nne kwa mkono wake mzuri, akakabidhi.

Zilirudi zikiwa na "Nani kasema?" tatu, moja kando ya kila chanzo.

"Mwalimu," alisema mbele ya darasa zima, "nimekuletea watatu. Unataka nikuletee kijiji?"

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu alingoja watulie.

"Watatu nawaona, mama. Sijui kama kila mmoja aliona mwenyewe, au alimsikia mwenzake."

Hapa inabidi kusema wazi jambo ambalo wengi wetu tusingependa kuambiwa. Tuna vyeti ukutani, na bado tunapokea habari tano zinazofanana, tunasema "watu wengi wamesema", na hatuna habari kwamba mtu mmoja alisema na wanne wakanakili. Kunakili bila kuuliza ni uvivu unaovaa nguo za elimu. Mama Mvuke hakuwa mvivu. Alikuwa mtiifu, na utiifu wake ulikuwa umekaa pale ambapo swali lilipaswa kukaa.

Alirudi kwenye ukurasa wa chama, safari hii akausoma mpaka chini kabisa. Mwishoni, kwa herufi ndogo kama mchanga, paliandikwa kwamba maelezo yametolewa kwenye kitabu cha mwongozo cha chuo cha wauguzi. Kumbe mashahidi wawili walikuwa mmoja.

Akatafuta namba ya aliyeandika kitabu, mwalimu wa wauguzi, akampigia wakati wa mapumziko ya mchana.

"Shikamoo, mwalimu. Ile arobaini na tano ukurasa wa sitini uliitoa wapi?"

"Marahaba. Unapiga kutoka hospitali gani?"

Akamtajia.

Mwalimu akacheka kwa furaha. "Si kwenu! Nilileta wanafunzi kutembelea, nikaona imebandikwa ukutani. Nikasema hospitali kubwa kama ile haiwezi kukosea. Vipi, mmeibadilisha?"

Mama Mvuke aliaga kwa adabu, akaingia chumbani kwake, akasimama mbele ya ukuta. Karatasi ilikuwa imefunikwa kwa plastiki, imekuwa ya njano pembeni. "MUDA: DAKIKA 45." Haikuwa na tarehe wala sahihi. Na ile namba nne yenye kichwa wazi, na ile tano yenye tumbo kubwa, aliziandika yeye. Alijua siku zote kwamba aliziandika yeye. Ila kwa miaka yote aliisoma ile karatasi kama amri iliyotoka juu, bila kufikiri kuwa mkono ulikuwa wake.

Alikuwa amezunguka mji mzima kwa simu akitafuta shahidi, na kila mlango aliobisha alikuta yumo mwenyewe.

Jioni alikwenda kwa sista mstaafu aliyekuwa bosi wake wa kwanza. Alimkuta akimwagilia maua kibarazani.

"Arobaini na tano? Mimi nilikwambia?" Sista alikunja uso. "Aa, ndiyo. Ilikuwa kwa sababu ya vile vifurushi vikubwa vya mashuka."

"Vifurushi, sista?"

"Au geji. Geji ya joto iliharibika, nikasema ongeza muda mpaka fundi aje. Au hiyo ilikuwa mashine ya wodi ya wazazi? Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unaandika, unaniuliza mimi!"

Alitoka pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Alimweleza mwalimu wake wa kozi kwa simu, akitarajia pole.

"Kumbukumbu ya mtu ni chanzo pia," mwalimu alisema, "lakini nayo hupimwa. Siku hiyo hapakuwa na maandishi?"

Palikuwa nayo. Madaftari ya zamu yalikuwa stoo, yamefungwa kwa kamba, panya wameanza kuyatafuna. Ilimchukua michana mitatu na kifua cha vumbi. Katika daftari la mwaka wake wa kwanza alikuta mstari: geji ya joto mbovu, muda uongezwe hadi arobaini na tano, fundi ameitwa. Kurasa chache mbele: geji mpya imefungwa. Siku kumi na moja. Amri ya siku kumi na moja ilikuwa imekaa ukutani miaka kumi na sita, ikaingia kitabuni na mtandaoni, kwa sababu msichana mwenye mwandiko mzuri hakuandika tarehe.

Siku ya kuwasilisha, metroni alikuja, akakaa mstari wa mbele. Mama Mvuke alikuwa na karatasi mbili mfukoni. Ya kwanza ilikuwa ile ya mashahidi watatu, iliyosafishwa vizuri, ingeweza kupita machoni pa metroni. Alisimamisha dole gumba juu yake, akaiacha. Akatoa ya pili.

Alieleza yote, hata sehemu ya mwandiko. Metroni alimtolea macho.

"Kwa hiyo muda sahihi ni dakika ngapi?" metroni akauliza.

"Sijui, metroni. Wale wa mtandaoni niliowacheka, kila mmoja anazungumzia joto lake na namna yake ya kufunga. Mashine tuliyonayo sasa si ile ya zamani, na kitabu chake sikioni. Ninachojua ni kwamba kwa mashine ile ya zamani hatukuwahi kuchoma vyombo muda mfupi, tumechoma mrefu. Mipira ya glovu imepasuka bure, na wagonjwa wamengoja bure. Mpaka nipate maelezo ya mtengenezaji, sitapunguza wala sitasema nina uhakika."

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu. Hakuandika maneno yake mawili. Aliandika, akasoma kwa sauti: "Haijakamilika. Wiki tatu zaidi."

Metroni alisimama, akakusanya mkoba. "Kiti kitakaa wazi wiki tatu. Hata siku moja zaidi sina uwezo." Akatoka, na uso wake haukueleza kama amekasirika.

Binti alikuwa akimngoja nje ya geti.

"Umefaulu au umefeli?"

"Wala sielewi, mwanangu. Wamesema niendelee." Alisimama akifikiri, watu wakampita kulia na kushoto. "Hebu fungua hiyo simu. Tumwandikie aliyeuza mashine. Na andika tarehe juu, kabla ya kitu kingine chochote."