Saa ya Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikabidhiwa ngazi, kitambaa na saa nne za ukutani katika hoteli moja ya Deira. Nyinyi mnaotazama saa kwenye simu hamtaijua kazi hii. Karakanani tulikuwa na saa mama, ambayo haiguswi, na kwayo fundi huzirekebisha nyingine zote: ya London, ya Tokyo, ya New York na ya hapa Dubai.

Mhandisi mkuu alikuwa mtu wa haraka. "London, saa thintein! Yalla!" aliniamrisha kwa Kiarabu, yaani mbili. Nami, mtoto wa Unguja, nikaisikia saa mbili yetu, nikaupeleka mshale kwenye nane. Ukumbi mzima ulicheka. Aliyecheka zaidi ni bawabu, mzee wa milimani aitwaye Dawa. Jina lake sisi Waswahili wa pale tulilitania sana: dawa ya nini wewe?

Mchana, wageni wakisinzia makochini na ukumbi umepoa kimya kama chini ya maji, alinijia pale ngazini.

"Bahati yako, fundi. Saa ya kwenu umeibeba mdomoni. Ya kwetu ilichukuliwa."

Akanisimulia. Nchi yao ilikuwa ndogo, yenye mfalme, kando ya jirani mkubwa. Ujanani mwake watu waliingia barabarani kudai haki, naye akiwa mbele, koo limemkauka kwa kelele. Ndugu walirushiana mawe. Maduka yakafungwa. Jirani akaleta askari, akisema wanakuja kutuliza tu, na hawakuondoka. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba nchi sasa ni mkoa wa jirani, na kila mtu asogeze saa yake mbele nusu saa.

"Tulitaka mfalme atusikilize," alisema Dawa. "Hatukuomba kufutwa. Nitundikie saa ya kwetu, fundi, niione nikiwa mlangoni."

Nikaitundika ya tano, bila jina chini yake. Kila alipofungua mlango aliitupia jicho, uso ukamlainika, nami nikafurahi mno. Kisha mhandisi akaiona.

"Hii ya mji gani?"

"Wa kina Dawa, sir."

"Haumo kwenye ramani. Ishushe. Khalas, imekwisha."

Nikaishusha, nikampelekea Dawa chumbani kwake Al Qusais. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, anafunga mizigo. Aliipapasa saa, akanirudishia. "Nikiitundika nyumbani wataniuliza maswali. Kaa nayo wewe."

Baadaye nilihamishiwa kwenye jengo refu la Jumeirah Lake Towers, ambako saa zilijirekebisha zenyewe kwa kompyuta na fundi alikuwa pambo tu. Huko ndiko nilikostaafu.

Sasa niko Al Baraha, na saa ile iko ukutani kwangu. Alasiri nikisinzia mbele yake huiona milima nisiyopata kuikanyaga, na watu wakienda sokoni taratibu. Wajukuu wakinisikia naitaja Saa ya Dawa huniletea vidonge na maji. Nacheka, nameza. Lakini betri huitia mwenyewe, kabla ya ile ya zamani kuchoka. Sijui kama Dawa yu hai, na naogopa. Nikishaondoka mimi, saa ile ikisimama, hakuna saa mama popote duniani ya kuirekebishia.