Mawe ya Zahanati

Mpaka leo mkiniuliza serikali ya Mwingereza ilikuwa inafikiri nini, nitawajibu sijui, na msinikazanie. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, huko juu ya Sekei, kwenye miteremko ya Meru. Mama mkwe wangu alikuwa akiumwa macho. Yalimtoka usaha, na kila asubuhi nilimkanda kwa maji ya vuguvugu ndipo yafunguke.

Mume wangu akauza mtamba wetu, akalipa kodi. Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akaitisha baraza, akasema kodi hiyo itatujengea zahanati. Mama mkwe akanivuta nguo: "Mwanangu, kesho twende tukabebe mawe." Hakuna aliyemwita. Lakini kwetu mfereji ulikuwa na sheria yake: asiyechimba hapati zamu ya maji. Akadhani na dawa ni hivyo hivyo. Wengi tulidhani hivyo. Tukabeba mawe toka mtoni mpaka shingo zikakaza, mimi mbele nikimwambia hapa kuna shimo, hapa inua mguu.

Jengo likaisha, bati linang'aa. Lo! Tukaambiwa ni mahakama. Bei ya kahawa imeanguka, serikali inabana matumizi, zahanati ingoje kwanza. Nikamuuliza mume wangu, mbona mahakama haikungoja? Akasema alivyoelezwa yeye, fungu la dawa limekauka, la majengo bado lipo.

"Mtamba alikuwa mmoja," nikasema. "Hayo mafungu mawili yametoka wapi?"

"Ndivyo nilivyouliza na mimi. Nikaambiwa nikae chini."

Kichwa kiliniuma kwa kuwaza. Mama mkwe, yeye, hakutaka hata kusikia. Mawe alibeba, kwa hiyo zamu yake imefika. Siku mahakama inafunguliwa akajifunga nguo safi, nikamshika mkono, tukapanga mstari pamoja na wenye kesi za mipaka na mbuzi. Nilimwonea huruma, lakini jamani, ningemweleza nini na mimi mwenyewe sielewi?

Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo, bibi," karani akasema. "Unamshtaki nani?"

Akainua uso, akazipanua kope kwa vidole vyake.

"Marahaba, baba. Anza na hili la kulia. Bado linaona kidogo."