Utando wa Baba Mkwe

Kijijini Msimbu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kwetu kulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na utando wa maziwa yale ulikuwa na mwenyewe. Kila asubuhi mama mkwe aliyachemsha, akayaacha yapoe, kisha akaengua utando wote mnene na kumpelekea baba mkwe ale na muhogo. Maziwa yaliyobaki ndiyo niliyomkorogea uji binti yangu wa miezi kumi. Mama mkwe aliamini mafuta yangemvuruga mtoto tumbo, nami nilikuwa mgeni katika nyumba ile, ningesema nini?

Mtoto akawa hanenepi. Kliniki nesi alimning'iniza kwenye mzani, akaitazama kadi, akakunja uso. Mwezi wa tatu mfululizo, uzito ni uleule.

"Mwezi ujao asipoongezeka, namlaza wodini. Anakula nini?"

"Uji wa maziwa, sista. Kila siku."

"Na utando?"

"Anakula babu yake."

"Babu mwenyewe yukoje?"

"Ana kitambi."

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akanieleza. Maziwa yaliyoenguliwa bado yanajenga mwili, lakini nguvu nyingi imo kwenye mafuta, na vitamini A ya macho imo humo humo. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji mwepesi, anashiba na bado anakonda. Mzee, alisema, hatadhoofika.

Kusema ni rahisi. Mke wa mwana hamwambii baba mkwe aache chakula chake. Ila baba mkwe alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na alitusomea kila kilichoandikwa, hata viberiti. Nikamwomba nesi aandike agizo lake kwenye kadi, kwa herufi kubwa.

Jioni nilipiga magoti nikampa mzee kadi kwa mikono miwili.

"Baba, naomba unisomee. Mwandiko wa nesi umenishinda."

Uongo mtupu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba.

Alivaa miwani, akafuata kwa kidole. "M-to-to... a-pe-we... u-tan-do... wo-te." Akarudia, safari hii bila kukatakata. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele.

"Maisha yangu yote sijawahi kusoma agizo la mtu," alisema mzee, "na la kwanza limekuja kuninyang'anya utando."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Naye alicheka, kisha akamshika mjukuu wake kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikizunguka na kubaki nafasi.

"Kumbe nakula cha mtoto," alisema.

Mwezi uliofuata alimbeba mwenyewe hadi kliniki, mwanamume pekee katika foleni ya akina mama, nami nyuma yake na kadi mkononi. Nesi alipomning'iniza mtoto, mzee alisogea hadi chini ya mzani, akaisoma namba kwa sauti. Ilikuwa imepanda. Nikaanza kulia pale pale bila aibu.

"Mpime tena, mwanangu," mzee alimwambia nesi. "Nataka kuisoma mara ya pili."

Nesi akampima tena.