Kanga yangu iliyomkatisha mwenyekiti hotuba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Nimewaona mnabishana humu kuhusu fulana zenye matusi, huyu anasema uhuru, yule anasema adabu. Ngoja bibi yenu wa Chuno niwape yangu. Yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Enzi za ujamaa nilikuwa mke kijana, tumehamishiwa kijiji kimoja upande wa Mnazi Bay. Muhogo, korosho, na zamu za shamba la kijiji.

Sukari ilikuwa inaletwa duka la kijiji, lakini itufikie sisi? Thubutu! Unaambiwa imeisha. Kwa mwenyekiti wa kijiji chai tamu kila siku.

Basi duka likaleta kanga. Moja nyekundu imeandikwa: UMESHIBA WEWE, WENGINE JE?

(Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na aliyetuhimiza twende ni mwenyekiti huyohuyo!)

Sitawaficha, niliichagua makusudi. Nikaivaa mkutanoni, nikakaa mbele kabisa.

Mwenyekiti akaisoma. Hotuba ikakatika.

"Wewe mama, hayo ni matusi kwa uongozi. Kaivue, au uigeuze."

Niliogopa wakuu. Siku hizo kuitwa mpinga maendeleo halikuwa jambo dogo. Nikasimama hivyohivyo.

"Ndugu Mwenyekiti, nimeinunua duka letu la kijiji. Haina tusi, haijamtaja mtu. Inauliza tu. Na mimi nauliza, sukari iko wapi?"



Jirani yangu Bi Somoe akadakia kutoka nyuma: "Mjibu basi! Na sisi tunataka kusikia." Vigelegele vikalipuka.

Mwenyekiti akatishia kunipeleka tarafani. Hapo mume wangu, mtu mpole asiyependa makuu, akainuka. "Ukimpeleka huyu, na mimi nimo." Wanaume wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

Tarafani sikupelekwa. Na sukari ilipokuja tena ilipimwa nje, mbele ya duka, kila mtu anaona.

Nilitembea kijijini shingo juu, acha tu.

Sasa sikilizeni hii.

Bi Somoe, kwa kunogewa na ushindi, akaja na kanga nyingine. Maneno yake yanamcheka mwanamke asiyezaa. Mke wa mwenyekiti hakuwa na mtoto.

"Tununue sare, tuivae sote harusi ijayo hapa kijijini," akasema.

Nikamwambia, "Shoga, mama yule alininyima sukari lini?"

Akaninunia, akaniita mwoga. Lakini sare ikafa.

Habari zilimfikia mke wa mwenyekiti. Asubuhi moja akaja uani kwangu, akanikuta namenya muhogo, nikamkaribisha jamvini.

"Dada, siku ile ya mkutano nilikuchukia," akasema. "Kwa hili la juzi, ahsante."

Akavuta kisu, tukamenya muhogo pamoja mpaka beseni likajaa.

Nilichojifunza: aliyeshika funguo za ghala mwulize, hata kwa nguo. Ila uchungu wa mtu, kitu ambacho hakukichagua, usiuvae mwilini ukatembea nao kama pambo. Ya kwanza niliivaa, ya pili niliikataa, na ile niliyoikataa ndiyo najivunia zaidi.

Haya, wenye fulana zenu, mpaka mnauweka wapi? Semeni, bibi anasoma comments zote. Ukitukana, nakupita.