Spika za Mkwe Wangu

Mkwe wangu aliponunua spika mpya za gari alinipigia simu Kibondo, akaniomba niende Kasulu nizisikilize. Kwetu kitu kipya hutangulizwa kwa mkubwa. Tena mimi nimefundisha watoto kisomo cha Kurani tangu nirudi kutoka chuoni Ujiji nikiwa kijana, na aliamini hakuna sikio lililozoea sauti kama langu. Nilimshukuru Mungu kwa mkwe wa namna hiyo, nikasafiri.

Nilimkuta fundi ameshatoa kava za milango ya mbele. Spika kubwa alizifunga mlangoni, zile ndogo, twita, akazibandika pembeni mwa kioo cha mbele. Katikati yake kuna kikasha, krosova, kinachogawa sauti: nzito ziende kwa spika kubwa, nyembamba ziende kwa twita. Ndani yake mna kipini cha kuongeza au kupunguza ukali wa twita.

"Hapo ndipo pagumu, shehe," fundi aliniambia. "Kila gari lina kipimo chake. Mimi nafunga, sikio linaamua."

Wakanikalisha kiti cha mbele. Mkwe alikaa kwenye usukani, binti yangu nyuma pamoja na fundi, aliyepakata krosova. Mvua ilikuwa imeanza, vioo vimepandishwa. Mlango wangu, kwa kuwa kava ilitolewa, haukufunguka kwa ndani. Fimbo ya kitasa ilining'inia tu. Mkwe akaweka kisomo ninachokipenda.

"Naanza na twita peke yake," fundi akasema.

Nikangoja. Nilisikia mvua juu ya bati la gari.

"Hujaunganisha, mwanangu."

"Nimeunganisha, shehe." Akasogeza kipini. "Na sasa?"

"Bado."

Akaongeza. Nikasema bado. Akaongeza tena. Nikatania kwamba spika hizi zimefunga kabla ya mwezi kuandama, wala hakuna aliyecheka. Mkwe alikuwa ameutazama usukani, taya zimekaza, jasho linamtoka. Nikadhani ni joto la humo ndani, maana vioo vilishaota ukungu. Huku kwetu mkwe hambishii baba wa mkewe, na fundi hawezi kusema ambalo mwenye gari hasemi. Kwa hiyo kila niliposema bado, kipini kilisogezwa.

Nikamwona binti yangu kwenye kioo cha dereva. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

Akazungumza kwa Kiha, kama tufanyavyo nyumbani jambo likiwa zito. "Baba, zinalia. Zimelia tangu mwanzo. Zinatuumiza."

Fundi akazima. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Nilishika kitasa nitoke, kikazunguka bure. Nikabaki pale, magoti yamebana, wawili wa nyuma wakiniangalia kisogo. Sikuwa nawaza spika. Juma lililofuata binti mmoja wa madrasa yangu alikuwa akhitimu Kurani, na mimi ndiye niliyekuwa nimemsikiliza mwaka mzima nikimwambia vizuri, endelea. Nilisikia nini? Sini, shini, thaa, herufi zote zinazopita kwenye meno ziko huko juu kwenye twita. Maneno yenyewe ninayo moyoni, basi mtoto alipofungua kinywa, moyo wangu ulinisomea. Nikamkumbuka mwalimu msaidizi, mwanamke niliyemfundisha mwenyewe, ambaye siku hizi huwaita watoto pembeni baada ya mimi kuwaruhusu. Nilikuwa nadhani anawapenda tu.

"Niwekee za chini peke yake," nikamwambia fundi.

Alipowasha, msomaji akaja. Madda zake zote, ile mivuto ya sauti, zilikuwepo, ndefu na fupi, na pumzi anayoivuta kabla ya kuendelea, na namna anavyotua. Nilisema alhamdulillahi, na sikuisema kwa mazoea. Aliyenipa vyote angeweza kuchukua vyote.

"Baba, tuweke kipimo gani?" mkwe akauliza, bado hanitazami.

"Cha twita muulize mkeo. Za mlangoni nitakwambia mimi. Zipunguze kidogo, zinamfunika msomaji."

Wakasogeza na kusikiliza, na binti yangu ndiye aliyesema hapo hapo, basi. Nami nikatoa simu. Mvua ilikuwa ikiendelea na mlango wangu bado umenifungia. Nilimwambia yule mwalimu kwamba yeye ndiye atakayemsikiliza binti wa kukhitimu kwa herufi, mimi nitashika madda na vituo, na tukitofautiana, lake litangulie.

 Kwenye simu kikaja kitu kama pumzi, ambacho sikukishika.

Akarudia, taratibu, akiishusha sauti yake chini kama ya mwanamume: "Nimekuelewa, mwalimu."

Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Fundi akashuka mvuani, akazunguka gari, akanifungulia kwa nje.