Koili Isiyo na Mwenyewe

Kazi ikiharibika, na hakuna anayetaka kujua ni ya nani, itatengenezwaje? Swali hilo lilinisumbua katika karakana ya Kolwezi tulikosuka upya nyaya za mota za pampu za mgodi. Nilikuwa mhandisi niliyetoka chuo kikuu juzijuzi, na sikuamini kitu kisichopimika.

Msimamizi wetu alikuwa Mhindu. Kila asubuhi aligusa koleo lake, kisha paji la uso. Alisema wahenga wa dini yake walifundisha kwamba mtu hutoa kazi yake kama sadaka, na akishaitoa haishiki tena kama mali yake. Ndiyo maana aliwakataza wasukaji kukwaruza alama zao kwenye mota.

"Na kosa je?" nilimuuliza. "Nalo ni sadaka?"

Wasukaji walicheka. Yeye pia.

Siku moja nilipima mota iliyokuwa ikingojewa shimoni, nikakuta koili moja, mzingo wa waya ndani yake, ina shoti. Mkurugenzi akataka jina la aliyeisuka. Nilimshuku msukaji mmoja mzee, tuliyemwita tata kwa heshima, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Alibakiza miezi michache apate pensheni. Akifukuzwa, angepoteza hata nyumba ya kampuni kule Kapata, alimolala na wajukuu wake. Hata hivyo nikaanza kukagua koili moja moja, nikitafuta mkono wake.

"Mama enjeniere," msukaji mmoja akaniambia, "unatafuta waya ao unatafuta mutu?"

"Natafuta ukweli."

"Basi shika koleo. Ukweli iko ndani."

Mkurugenzi akaingia, akauliza tena koili ni ya nani. Msimamizi, mikono ya shati imekunjwa, alimjibu bila kuinua kichwa: "Ni ya siye bote. Saa kumi itazunguka."

Tukaizunguka mota watu saba. Hakuna aliyeamuru. Kidole cha mmoja kilipochoka, cha mwingine kilikuwa kimeshaingia mahali pake. Yule mzee alifumba macho, akapapasa nyaya, akasema, "Hapa." Nikapima. Palikuwa papo hapo. Nikaweka kipimo chini, nikashika koleo.

Saa kumi ikazunguka. Mzee alifikia pensheni yake.

Miaka mingi baadaye nilimkuta msimamizi Lubumbashi, kichwa chote mvi. Nikamsifu kwa jinsi alivyomkinga yule tata.

"Tata gani?" akaniuliza.

Hakuwahi kujua koili ile ilisukwa na nani.