Watu Wasiochimba Makaburi

Mifupa ilipatikana nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, Kitengela, vijana wawili walipokuwa wakichimba shimo la choo. Mmoja aliruka nje akaacha sururu ndani. Shule ninakofundisha ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nimekuja nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa kwanza. Nilichungulia nikaona taya la mtu, meno yamesagika, limeshikwa na udongo mweusi. Mama alianza kuomba kwa sauti.

Baba alikuja polepole na fimbo yake. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Aliangalia ndani ya shimo, akasema, "Huyo si wetu. Sisi hatuziki."

Ilikuwa kweli kwetu Wamaasai. Babu yangu hana kaburi. Baba alikuwa miongoni mwa waliombeba hadi nyikani, wakamlaza kwa ubavu juu ya majani, wakarudi bila kugeuka. Fisi walifanya kazi yao. Darasani nilikuwa nikilieleza jambo hili bila wasiwasi, maana nafundisha jiografia: nchi ni kavu, ardhi ni ngumu, watu wanafuata mvua. Ukichimba kaburi leo, nani atalitunza mwezi ujao nawe umeenda mbali pamoja na mifugo? Nchi ndiyo iliyotufanya tulivyo. Wanafunzi waliandika, nami niliamini.

Polisi walikuja na mtaalamu wa mifupa. Yule mtaalamu alisema mtu huyo ni wa zamani sana, pengine wa kabla ng'ombe hawajafika sehemu hizi. Wakaiondoa mifupa ndani ya sanduku lililotandikwa magazeti.

Jioni hiyo baba hakula.

"Kabla ya ng'ombe?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa. Hata shuleni tunafundisha hivyo. Watu wa zamani kabisa waliishi huku kwetu, kwa hili Bonde la Ufa. Walikuwa wanawinda, wanachonga mawe."

"Bila ng'ombe."

"Bila."

"Na sisi tulipokuja, wao walienda wapi?"

Baba alilelewa akijua kwamba Enkai, Mungu wetu, alishusha ng'ombe kutoka mbinguni akatupatia sisi, na nchi ikaja pamoja nao. Kanisani aliyasikia ya Adamu akayapokea, lakini yale ya kwanza hakuyaacha. Sasa aliangalia nje ya dirisha. Ghorofa za majirani zilikuwa zimetuzunguka, na pale ng'ombe wake walipokuwa wakipita kwenda kunywa maji kulikuwa na ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu.

"Basi hata sisi tutapita kama wao," akasema.

Siku chache baadaye alikuja rafiki yake, Msomali kutoka Garissa ambaye amefanya biashara ya mbuzi Kitengela tangu nikiwa msichana. Baba hakumngoja hata anywe chai.

"Nyinyi mnahama kama sisi. Mbona mnazika?"

"Mzee, kwetu ni kukavu kushinda huku," yule rafiki alijibu. "Lakini mtu akifa, anaingia kwa ardhi siku hiyo hiyo, hata kama ngamia ziko njiani. Tunamfunika, tunaweka mawe, tunaenda. Kaburi hailindwi na sisi. Mungu anajua iko wapi."

Nilibaki nimesimama na birika mkononi. Ukame ule ule, kuhama kule kule, lakini wao walikuwa wamefuata njia nyingine kabisa. Niliwaza yale yote niliyowaandikisha watoto wa watu.

Baba akanigeukia. "Mtanizika. Lakini mnitafutie mahali ambapo hakuna mtu atachimba tena."

Tulitafuta. Mimi na kaka yangu tuliendesha gari kupita Isinya hadi Kajiado, tukaenda mbele zaidi. Kila tuliposhuka tulikuta bikoni za mipaka ya ploti zimepandwa kwenye nyasi. Kilima ambako baba alichunga mbuzi utotoni kilikuwa kimegeuka machimbo ya mawe, nusu yake imeshaondoka kwa malori. Kaka alisimama ukingoni akasema, "Hii tusimwambie." Hatukumwambia. Tulirudi tukamdanganya kwamba bado tunaulizia, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua.

Alikufa kabla ya mvua. Kaka na mchungaji wakachagua kona ya ploti yetu, karibu na ua. Nilitaka kubisha, lakini ningewaonyesha wapi? Lilichimbwa kaburi, likasakafiwa, ukasimamishwa msalaba. Rafiki yake wa mbuzi alikuja, akachota udongo kwa mikono yake akautia shimoni, kisha akajipangusa macho kwa kilemba.

Siku hizi kaka analima vitunguu Kimana. Mwezi uliopita alikuja kumchukua mama. Mama huyu alijenga nyumba za samadi kwa mikono yake mahali pengi kuliko ninavyoweza kutaja, na kila moja aliiacha bila kuiangalia mara ya pili.

"Yeyo, kule kuna maji ya mfereji," kaka alimsihi. "Hata nyasi iko. Hizi ng'ombe zako zitakufa hapa."

"Chukua ng'ombe uende nazo."

"Na wewe?"

"Na huyu nitamwachia nani?" Aliuelekeza mdomo kwenye kona ya ploti.

"Lakini Papa alikuwa mtu wa kuhama!"

"Alikuwa," mama akasema. "Nyinyi ndio mmemfunga hapa na simiti. Sasa mnataka mimi nitembee?"

Kaka aliniangalia nimsaidie. Nikaenda kufungua zizi. Aliwapakia ng'ombe kwenye lori kabla ya saa sita. Mama hakutoka kuwaaga. Nilimkuta ndani ameketi kitandani, mikono mapajani, nikaketi kando yake.